Kambale wa Jakaranda

Jakaranda ya parokiani ilikatwa mwanzoni mwa kiangazi. Ulikuwa mti mzee, mnene hata watu wawili wakiukumbatia vidole vyao havikutani. Mizizi yake ilikuwa imeanza kunyanyua msingi wa shule, na tawi moja lilikuwa limelalia mabati. Nilisikia shoka nikiwa nyumbani napika sombe, majani ya mihogo. Nikaepua sufuria, nikajifunga kikwembe vizuri, nikaenda mbio, maana nilijua nikichelewa nitakuta wachoma makaa wameshaugawana.

Mimi ni mchongaji. Watu wengi wa Kamina bado wanaona ajabu kumsikia mwanamke akisema hivyo, lakini kwetu haikuwa ajabu. Baba yangu alikuwa mkulima, upande wa barabara ya Kaniama, na kila mahindi yalipokwisha kuvunwa alikaa kivulini akichonga vinu, michi na mipini ya majembe. Alizaa wasichana watupu. Aliyekaa karibu naye ndiye aliyepewa tezo, na aliyekaa karibu nilikuwa mimi. Yeye akitoa kinu, mimi nilichukua vipande vilivyoanguka nikatoa kinyonga, uyoga, kichwa cha hondohondo. Hakunisifu hata siku moja. Alivipanga dirishani, akawa anavitazama wakati wa kula.

Niliolewa na fundi wa kinga; ndivyo tunavyoita baiskeli huku. Kwa hiyo kazi zangu zikaanza kuota vyuma. Nilichonga vunjajungu mwenye miguu ya spoku. Nilichonga bundi mwenye manyoya ya bati la makopo ya mafuta. Kobe wangu alivaa gamba la mpira wa tairi kuukuu. Vyote nilivifanyia nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa matete, na hakuna aliyeona kitu kabla hakijaisha. Nilipenda hivyo. Kazi ambayo haijaisha ni kama mtu anayeoga.

Basi nikafika parokiani nikihema. Padiri alikuwa amesimama kando ya lile gogo, mikono nyuma, anawatazama vijana wakipogoa matawi.

"Padiri, naomba ile kigogo," nikamwambia hata kabla ya kumsalimia vizuri.

"Mama, utafanya nayo nini?"

"Siyui bado."

Akacheka. Ni mtu wa kucheka haraka, tumbo lote linatikisika chini ya kanzu. "Haya. Mais lakini itabakia ya parokia. Unaweza kututoleya ndani Petro Mutakatifu? Tuko tunamungoya siku mingi."

"Tuangaliye kwanza vile muti itasema, Padiri."

Nilidhani nitalibeba nyumbani. Mume wangu akaja na rafiki zake wa reli, wenye mabega mapana, wakaleta nguzo na kamba. Wakasukuma, wakaimba, wakatukana kidogo kisha wakaomba msamaha kwa kuwa walikuwa mbele ya kanisa. Gogo lilijigeuza upande mmoja tu, kama mtu anayetafuta usingizi mzuri, likatulia. Marafiki wa reli wakanywa maji, wakaenda zao.

Mume wangu akaniangalia. "Njo vile," akasema, yaani ndivyo ilivyo. "Yeye hataki kwenda kwako. Weye njo utakuja kwake."

Hapo nikaelewa kwamba nitachonga uwanjani, katikati ya shule na kanisa, machoni pa watu wote. Sikulala vizuri.

Asubuhi ya kwanza nilifika mapema nikitumaini kutakuwa na utulivu. Ilikuwa siku ya shule. Kufika saa ya mapumziko nilikuwa nimezungukwa. Mama mmoja wa kwaya alipita akasema natengeneza mamba. Katekista akasema hapana, ni mtumbwi, tena hautaelea. Mzee aliyekuja kuuliza habari za ubatizo wa mjukuu wake akakaa kabisa juu ya gogo, akanishauri nitoe kinu kimoja kikubwa cha parokia nzima, ili wanawake watwange pamoja na kupunguza umbeya, au kuuzidisha. Nilipiga tezo tu. Masikio yalikuwa yanawaka.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Lile gogo lilikuwa pana na bapa upande wa shina, halafu likapungua taratibu hadi pale matawi mawili yalipogawanyika. Katikati lilikuwa na pindo dogo. Pindo lile nililijua. Nililiona Kinkondja, kwa mama mkwe wangu anayekausha samaki pale ziwani Kisale, siku niliyopelekwa kumsalimia nikiwa bibi harusi. Alimwaga kikapu mbele yangu, na kambale mmoja mkubwa, bado mzima, akajipinda hivyo hivyo, polepole, kama anayegeuka kuangalia ni nani aliyemwaga maisha yake chini. Niliona huruma, nikaona na uzuri. Nikala, lakini sikumsahau.

Mtu wa kwanza kutambua ninachochonga alikuwa mama aliyeuza mikate mlangoni pa shule. Wengi tulimwita mama wa Base, kwa kuwa alikaa kule Base, kambi ya jeshi, na familia nyingine za askari, akaja mjini kila asubuhi kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria, na beseni lake la unga uliokwisha kuumuka. Kwao ni Mbandaka. Swahili aliikuta hapa, akaichanganya na Lingala yake kama anavyochanganya unga, kwa mikono miwili. Mume wake alikuwa ametumwa mashariki, kwenye vita. Simu yake aliivaa shingoni kwa kamba, na ikilia aliacha mikate kwenye mafuta, ikaungua, bila kujali.

Alikuja kwangu kwa sababu ya vipande, akaniita yaya, dada mkubwa kwa lugha ya kwao.

"Yaya, ile bipande unatupa? Ikikauka itanisaidiya kwa moto."

"Beba yote, ndugu yangu."

Akaokota, akajaza mfuko. Akanipa mikate miwili ya moto ndani ya karatasi. Halafu, badala ya kuondoka, akalizunguka gogo lote akilipapasa kwa kiganja, mpaka akafika pale nilipoanza kukata kichwa.

"Ee! Iko ngolo," akasema kwa Lingala. "Kambale. Yaya, unafanya kambale!"

"Usiambiye bantu."

"Miye? Kinywa yangu iko na mikate tu."

Akalitunza neno. Kuanzia siku ile, mapumziko yakiisha na watoto wakirudi darasani, alibeba kigoda chake akaja kukaa karibu. Aliongea, mimi nikachonga. Alinieleza mto wa kwao, upana wake, jinsi asubuhi huoni ng'ambo. Nilikuwa nimezoea kuchonga peke yangu, na sikujua kwamba kazi inaweza kwenda upesi hivyo mtu akikuongelesha. Hata wapita njia sikuwaogopa tena. Akitokea mjuaji wa kuniambia nishike tezo namna gani, rafiki yangu alimwuzia mikate kabla hajamaliza sentensi.

Kambale akatoka. Kichwa kipana, mdomo mpana wa kutabasamu bila kutaka, mgongo, mkia. Watu wakaanza kumtambua, na umbeya ukageuka kuwa furaha. Wengine walitoka kanisani wakampitia kama wanavyompitia jamaa. Padiri naye akasimama siku moja, akavuta pumzi.

"Na Petro?"

"Padiri, atakuja mwenyewe. Samaki yake iko huku."

Tumbo likatikisika. "Mama, umenishinda," akasema, na tangu hapo hakudai tena mtakatifu.

Sasa, mti mbichi una hasira zake. Kipande kidogo unakifunika, unakipaka mafuta, kinakauka bila ugomvi. Lakini sijawahi kuwa na mti wa ukubwa ule, tena juani, tena wakati wa upepo mkavu. Nilimfunika kwa magunia yenye maji, nikampaka mawese kichwani na mkiani. Nilidhani inatosha. Mchana mmoja wa joto tulikuwa tumekaa tunakula mihogo ya kuchoma, tukasikia paa! kama mtu amepigwa kofi. Tukatazamana. Nikafikiri ni bati la darasa. Halafu nikaona.

Ufa ulianzia nyuma ya shavu la kambale, ukapita ubavuni, ukaenda hadi karibu na mkia. Ungeweza kuingiza vidole ndani. Nikapiga magoti nikaugusa. Sikulia pale. Niliweka tezo na patasi ndani ya gunia, nikamfunika samaki, nikaenda nyumbani, na huko ndiko nilikolia, mbele ya mume wangu aliyekuwa ameshika gurudumu mkononi na hajui aliweke wapi.

Sikurudi kwa siku kadhaa. Nilikwenda shambani kwa baba, nikapalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu. Kilichoniuma zaidi ya ufa ni kwamba kila mtu alikuwa ameuona. Nyuma ya ua wa matete ningemchoma nikapikia, na hakuna ambaye angejua.

Jumamosi, nikiwa nafua, nikasikia taxi-moto inasimama. Mama wa Base akashuka. Hakuwahi kufika kwangu, alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba, "Fundi wa kinga iko wapi, ule wa bibi anachonga?" Mkononi alishika furushi la waya wa shaba, mwekundu, unang'aa, kama nywele za mtu aliyetoka kwa msusi.

"Yaya, hodi."

"Karibu. Mais iyo ni nini?"

"Nilienda kwa ule bwana anafungaka mamota. Anatoa waya ya zamani, anaweka ya mupya. Nilimupa mikate." Akakaa kwenye kigoda bila kusubiri kuambiwa. "Kwetu, kibuyu ikipasuka, banatupa?"

"Hapana. Banashona."

"Banashona! Koko yangu, nkambo yangu, mama ya mama yangu, njo alinifundisha. Unatoboa huku na huku, unapitisha kamba, unavuta. Kibuyu inakuwa muzuri kupita zamani. Sasa, kambale yako iko kibuyu mukubwa."

Niliangalia ule waya. Nikamwona samaki, nikaona ubavu wake, na ghafla nikakumbuka kitu ambacho kila mtu aliyewahi kusafisha kambale anakijua: ana mstari ubavuni, kutoka shavuni hadi mkiani, kama mshono. Ule ufa ulikuwa umepita palepale. Nikaanza kucheka huku mikono imejaa sabuni. Rafiki yangu akacheka pia, ingawa nilikuwa bado sijamwambia sababu, na mume wangu akatoka kibandani kuangalia tumepatwa na nini.

Jumatatu tukashona. Mume wangu alituletea spoku, tukazipasha moto kwenye jiko la mikate hadi zikawa nyekundu, tukatoboa matundu pande zote mbili za ufa, moshi ukinukia utamu wa ajabu. Rafiki yangu alipitisha waya; mimi nilivuta kwa koleo. Alinikataza kushona moja kwa moja. "Hapana vile. Fanya kama nywele, suka." Akasuka. Mshono ukaenda ubavuni mzima ukiwa na mapindo madogo madogo, kama mifupa ya samaki ndani ya samaki. Jioni jua lilipolala upande ule, shaba ikawaka, na walimu waliokuwa wanafunga madarasa wakaja kusimama kutazama.

Baada ya hapo sikuogopa kuongeza kitu. Masharubu ya kambale tuliyatengeneza kwa nyaya za breki za kinga, tukazivika mpira wa chube, ule wa ndani ya tairi. Upepo ukipita yanatetemeka. Mgongo tuliubabua kwa moto hadi ukawa mweusi, tukausugua na mawese. Tumbo tukalipaka pemba, ule udongo mweupe. Mapezi yalinisumbua. Ya mti yalikuwa mazito, ya bati yalikuwa makali na watoto wangejikata. Mama mkwe wangu ndiye aliyeleta jibu bila kujua. Alikuja kutoka Kinkondja kututembelea, na samaki wakavu wake alikuwa amewafunga ndani ya mkeka wa mafunjo. Nilikata ule mkeka kabla hajamaliza kunywa maji.

"Weye mutoto, iyo mukeka yangu!"

"Mama, kuja uangaliye."

Tukampeleka parokiani. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya chumvi. Alimzunguka kambale, akambonyeza mdomo, akapima kwa shibiri kutoka jicho hadi jicho, ingawa macho yalikuwa bado matundu matupu. Nilisimama kama mtu anayesubiri hukumu. Mwishoni alimpiga kofi mgongoni, kofi la nguvu, kama wanavyopiga samaki sokoni.

"Wafwako," akamwambia kwa Kiluba, kama anavyomsalimia mgeni. Halafu akanigeukia. "Iko muanamuke. Tumbo yake iko na mayayi."

Sikuwa nimefikiria. Lakini nilipolitazama tena lile tumbo jeupe, nikaona ni kweli, na tangu siku hiyo hatukumwita tena samaki. Tulimwita mama kambale. Mkeka ukawa mapezi, tukaupaka lami nyembamba usioze. Mama mkwe mwenyewe aliushona, akinung'unika kwamba atarudi nyumbani na samaki mikononi kama mtoto.

Macho yalikuwa wazo la mume wangu. Alileta kengele mbili za kinga, zile za duara, alizozisugua kwa majivu hadi ukajiona ndani yake. Zikaingia sawasawa kwenye matundu. Kidude kidogo cha kupigia kilitokeza pembeni kama kope. Ukikibonyeza: kriing! Rafiki yangu aliruka, halafu akabonyeza tena. Tukawa tunabonyeza kwa zamu, watu wazima wanne, mpaka mwalimu akatoka kutuambia wanafunzi wanadhani ni saa ya kwenda nyumbani.

Wanaume wa parokia wakamjengea mama kambale kibanda cha nyasi kisicho na kuta, mvua isimchoshe. Jumapili ya kumbariki, misa iliisha, kwaya ikatoka nje na ngoma. Padiri alinyunyiza maji kuanzia masharubu hadi mkia, akasoma sala ya kushukuru kwa ajili ya vyote vinavyoogelea. Alipomaliza alijifanya anakagua kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kriing! Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Mzee yule wa kinu alicheza hadi kofia ikaanguka. Mama mkwe wangu aligawa samaki wakavu kwa watu asiowajua, akiwaambia ni watoto wa huyu.

Katikati ya kelele zile nikaona rafiki yangu anajitenga, mkono shingoni. Simu ilikuwa inalia. Akasikiliza, kidole kimoja kwenye sikio la pili. Nikamwona anajaribu kueleza, anapaza sauti, anarudia, "Samaki! Non, ya muti! Ya muti!" Mume wake kule mashariki hakuelewa, au mtandao haukumruhusu. Basi akaja mbio, akapenya katikati ya wanakwaya, akaweka simu karibu kabisa na jicho la mama kambale, akabonyeza.

Kriing.

Akarudisha simu sikioni. Uso wake ulikuwa umelowa, na meno yote yako nje.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anacheka," akasema. "Yaya, anacheka! Anasema tena."

Akabonyeza tena. Wanakwaya wakaelewa, wakanyamazisha ngoma, ili yule bwana asikie vizuri. Akabonyeza mara nyingi, na kila mara alituambia, "Anacheka," na sisi tukacheka naye, watu mia na zaidi tukimchekea mtu tusiyemwona.

Watu wakitoka vijijini siku za Jumapili, wengine wanapitia kwa mama kambale kabla ya kuingia kanisani. Padiri anasema hapendi, lakini kengele ya kwanza ya asubuhi, nadhani, ni yeye anayeipiga.

Rafiki yangu bado anauza mikate. Ila yale masalio ya waya hakuyatupa. Nilimwona akiyasuka kwenye kigoda chake, nikadhani ni bangili. Wiki iliyopita alinikabidhi tawi la mpera, kavu, lenye viota vitatu vya mnana vinavyoning'inia, vya shaba na nyuzi za mafunjo, mdomo wa kila kiota ukiangalia chini kama vya kweli. Ndani ya kimoja alikuwa ameweka manyoya halisi. Nilikigeuza, nikatafuta mahali mshono ulipoanzia, nisipaone.

"Umejifunza wapi?" nikamwuliza.

"Bale bandege iko kwa muti ya Base, karibu na mulango yangu. Banapiga kelele asubuhi yote. Nikasema, mbele ya kubafukuza, niangaliye kwanza vile banafanya." Akafuta unga mikononi. "Mais ndege yenyewe bado. Ndege iko ngumu. Utanionesha tezo?"

Nikampa ya baba. Mpini wake ni mfupi, unafaa mkono wa mwanamke. Akaishika vibaya, kama mwiko, akapiga kipande cha kwanza, na kibanzi cha mti kikaruka kikaingia ndani ya beseni la unga. Tukakitafuta humo pamoja, mikono hadi viwiko, tukicheka, wateja wanasubiri.